Injini ya Ijumaa

Kwa nini dereva anayeijua dizeli amwachie mkewe amri ya kuwasha gari kila Ijumaa bila ya kuitembeza? Swali hili nililiuliza mwaka 1970, nikiwa nimerudi Unguja na shahada ya fizikia niliyoitoa Dar es Salaam imezungushiwa kanga ili isikunjike. Nililiuliza jikoni, nikaliuliza barazani, nikamuuliza fundi, na mara moja nikamuuliza Shangazi mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina chumvi, akasema, "Kwa sababu ndivyo alivyosema," kisha akaendelea kupepeta mchele. Mwaka jana tulimzika Shangazi. Alikuwa amekwisha kuwa mzee sana, mwili umepungua mpaka kitanda kilionekana kikubwa, na sisi tuliomuuguza tulikuwa tumeshajizoesha habari ya kifo chake kabla hakijafika. Lakini siku ya hitma, wanawake wakisoma na udi ukipanda, sikumkumbuka yule mgonjwa. Nilimkumbuka mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha dereva wa gari isiyokwenda popote, buibui limemteremka mabegani, mkono mmoja juu ya usukani, akingoja injini ipate moto.

Nyumba ilikuwa Malindi. Ghorofa za juu zilikuwa zimeshapewa watu wengine, na Shangazi alibakishiwa ghorofa ya katikati na chumba kikubwa cha chini ambacho zamani kilikuwa ghala ya karafuu. Mlango wa chumba hicho ulitazama barabara, mpana wa kupitisha mkokoteni wa mizigo, na ndiyo maana Bwana Nassor, mumewe, aliweza kuingiza gari yake humo. Ilikuwa gari ya Kijerumani, nyeusi, ya dizeli, kuukuu hata siku alipoinunua. Alikuwa akiwachukua wafanyabiashara kwenda mashamba kutazama karafuu, na abiria wa meli kwenda majumbani mwao. Ukifungua mlango wa ghala, harufu mbili zilikupokea pamoja, karafuu iliyoganda ukutani na dizeli iliyoganda sakafuni, na mpaka leo sijui kuzitenganisha. Nikitia karafuu kwenye pilau, pua yangu hungoja dizeli. Kwa nini gari ile haikuchukuliwa na mtu, sijui. Vitu vingi vilichukuliwa. Labda kwa sababu ilikuwa kuukuu, labda kwa sababu mlango ulikuwa mzito na umezibwa na magunia. Bwana Nassor mwenyewe alitoka asubuhi moja ya mwezi wa kwanza wa 1964 na hakurudi. Hakuna aliyeleta kanzu yake, wala aliyesema nimemuona mahali fulani, akiwa hai au akiwa maiti. Wakati ule watu wa mji walijifunza kuuliza kwa macho tu, na kujibiwa kwa macho.

Kilichobaki kilikuwa kisa cha ngazi. Shangazi alikisimulia kwa kila mgeni aliyestahiki, na siku zote kwa maneno yale yale. Bwana Nassor alikuwa ameshateremka vidato viwili, akarudi, akamshika mkono. "Akanambia, Zuwena, gari ya dizeli ikilala inakufa. Iwashe kila Ijumaa mpaka nirudi." Akifika hapo Bi Mize alileta chai. Bi Mize alikuwa mwanamke aliyenipita miaka michache, mjane tangu ujana, aliyekuwa akikaa na Shangazi na kupika naye tangu Bwana Nassor yuko. Alikuwa mwingi wa masihara na mwepesi wa mikono, na ndiye peke yake aliyeweza kumkatiza Shangazi maneno bila ya kujibiwa.

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, Shangazi aliteremka ghalani. Alikuwa hajui kuendesha na hakuwahi kutaka kujua. Alikaa, akatia ufunguo, akavuta kifundo kinachopasha moto injini ya dizeli kabla haijawashwa, na kwa kuwa hakuwa na saa, alisoma Kul-huwallahu mara tatu. Ya tatu ikikatika, alivuta kifundo mpaka mwisho, injini ikakohoa, ikashika. Kisha alisoma Yasin yote kwa moyo, midomo ikienda na sauti imefunikwa na mngurumo, na alipofika mwisho alizima. Huo ndio ulikuwa muda wa gari, Yasin moja. Bi Mize alisimama mlangoni na ungo akiusukuma moshi utoke barabarani. Jirani wa juu, mwanamke mcheshi aliyeletwa na mgao wa nyumba, alikuwa akichungulia dirishani na kusema, "Bi Zuwena, ukifika huko unakokwenda tuletee hata embe." Shangazi alikuwa akimjibu bila ya kuinua uso, "Nshafika, mwanangu. Miye sina pengine pa kwenda."

Mimi sikuamini chochote mwaka ule. Nilikuwa nimejifunza kwamba kila jambo lina sababu na kila sababu inapimika, nikaja na elimu hiyo kama mtu anayekuja na tochi kwenye nyumba yenye taa. Nilifundisha fizikia skuli asubuhi na nikirudi nilikaa mezani na Shangazi na Bi Mize, tukila muhogo wa nazi na dagaa kwa sababu mchele ulikuwa wa foleni, na pilau ya Ijumaa ilikuwa imebaki jina. Katika meza hiyo ndiyo nilisikia kwa mara ya kwanza mazungumzo ya eda. Ami Khalfan, ndugu yake Shangazi, alikuwa akija kila baada ya wiki mbili na kuanza mbali, kwa bei ya samaki au afya ya mtu, kisha akafika pale pale. Mume aliyepotea ana hukumu yake. Muda wa kumngoja ulikuwa umepita. Kadhi akisema amekufa, mke anakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, kisha ni mtu huru. Anaweza kuolewa, anaweza kusafiri kwa watoto wa dada yake Mombasa, anaweza kulala usingizi. Ami Khalfan hakuwa mtu mbaya. Nadhani alikuwa akiogopa kufa akamwacha dada yake katikati ya mlango, si ndani si nje.

"Sikai eda ya mtu aliye hai," Shangazi alimwambia.

"Nani kakwambia yu hai?"

"Nani kakwambia kafa?"

"Miaka sita, Zuwena."

"Gari yake inawaka."

Ami Khalfan aliweka kijiko chini. "Na siku itakayokataa kuwaka?"

Nilimuona Bi Mize akiacha kutafuna. Shangazi alikunja kitambaa cha meza kwa vidole, akakikunjua. "Siku hiyo ntakaa," alisema. "Ikifa, na mie ntajua." Ami Khalfan alimtazama, akanitazama mimi, kama anayeweka shahidi. Mimi niliyekuwa nikijigamba kwamba siogopi swali lolote niliogopa lile, kwa sababu nilikuwa nimesikia jambo ambalo Ami Khalfan hakulijua. Wiki tatu zilizopita injini ilikuwa imeanza kutoa sauti nyingine.

Ilianza kama mtu anayetikisa vijiko ndani ya kikapu, sauti ndogo, upande wa mbele, mara tu baada ya kuwaka. Kisha ikawa inachelewa kushika. Kul-huwallahu tatu hazikutosha, ikabidi tano, halafu saba. Moshi ambao zamani ulikuwa mweusi kidogo kisha ukapotea, ukawa mweupe, mzito, unaouma macho, na haukupotea. Shangazi aliona yote hayo na hakusema. Alizidisha sura tu. Mimi nilisema. Nilimwambia nitamleta fundi, naye akajibu, "Mlete, lakini asiiguse Ijumaa."

Fundi Daudi alikuwa mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, Mkristo, babake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu akabaki, akawa fundi wa magari. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi, na aliamini hakuna gari kisiwani isiyomjua. Siku zile majumba marefu ya Michenzani yalikuwa yanaanza kupanda na yeye alikuwa na hakika atapewa nyumba humo. "Ghorofa ya juu kabisa, mwalimu," alikuwa akiniambia. "Nikae niwatazame nyinyi watu wa nyumba za mawe kama sisimizi." Aliingia ghalani, akawasha, akasikiliza kwa muda mfupi, akazima, akatangaza, "Nozeli." Alieleza kwamba zile nozeli zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini zimeziba masizi, dizeli inadondoka badala ya kunyunyiza, ndiyo maana moshi, ndiyo maana uzito wa kuwaka. Alizifungua, akazisafisha kwa brashi na dizeli safi. Kwa moshi alikuwa amesema kweli. Ijumaa iliyofuata ulipungua, na gari ilishika kwa sura tatu kama zamani. Shangazi alimpelekea sahani ya visheti. Lakini vijiko vilikuwa vile vile, na vimeongezeka.

"Hizo ni kelele za uzee," Fundi Daudi alisema nilipomrudia. "Na wewe ukizeeka utalia hivyo."

"Uzee wa kitu gani?"

"Wa gari."

"Gari ina vitu vingi. Kipi kimezeeka?"

Alinitazama kwa jicho la kuchoka, kisha akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa injini na mpini sikioni, kama daktari, akaniambia niwashe. Alihama sehemu baada ya sehemu. Alipofika mbele, kwenye kifuniko kirefu cha chuma, alinipa mimi bisibisi. Nilisikia kitu kinachopigapiga ukuta kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa. Alisema huko ndiko inakopita cheni ya taimingi, ule mnyororo unaofunga mzunguko wa chini wa injini na mzunguko wa juu, ili valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake pistoni zikipanda na kushuka. Cheni ikilegea, inapiga ukuta. Ikilegea zaidi, inaruka jino. Ikiruka jino, valvu zinakuwa wazi wakati pistoni inapanda, chuma kinakutana na chuma, na hapo injini imekwisha.

"Tutajuaje imelegea kiasi gani?" niliuliza.

"Tutaingiza kidole tukiikamata inacheza."

"Kidole cha nani? Chako ni kinene kuliko changu."

Alicheka, na tukaanza kubishana. Nilimuuliza kama gurudumu la chini lina alama. Alisema linayo. La juu je? Nalo linayo. Basi, nilisema, alama zote mbili zinapaswa kufika mahali pake kwa pamoja. Ya chini ikifika na ya juu bado, basi cheni imerefuka kwa kiasi cha hiyo tofauti. Fundi Daudi alijikuna kidevu. Alisema babake alimfundisha kuweka alama hizo wakati wa kufunga, si wakati wa kutafuta ugonjwa, lakini hakuona kwa nini isiwezekane. Alichuchumaa na spana kuizungusha injini kwa mkono, polepole, mimi nimeinama juu ambako alikuwa amefungua kifuniko. Alama ya chini ikafika. Ya juu ilikuwa nyuma kwa upana wa ukucha. Tulirudia, tukapata hivyo hivyo. Nakumbuka furaha niliyoipata, na nashangaa kuikumbuka. Ilikuwa furaha safi ya kupata jawabu, na nilisahau kwa kitambo kwamba jawabu lile lilikuwa la nani.

Lakini kwa nini imerefuka? Gari haikutembea miaka sita. Hapo ndipo mambo ya masizi yalipokutana na mambo ya cheni. Fundi Daudi alichovya kijiti kwenye oili, kikatoka na oili nyeusi, nyepesi, inanuka dizeli. Akafungua bomba la moshi linapoungana na injini ili tutazame ndani. Njia ambayo ingepitisha vidole viwili ilikuwa imebaki ya kupitisha kalamu. Masizi yalikuwa yameshikana ukutani tabaka juu ya tabaka, magumu, yanang'aa, kama ukoko wa sufuria isiyosuguliwa. Alichokoa kipande kwa bisibisi, kikaanguka kwenye kiganja changu. Tuliongea kwa sauti ya kawaida, wawili wanaokubaliana, mimi nikimalizia sentensi zake na yeye akimalizia zangu. Dizeli inataka joto ili iungue yote. Joto hilo huja gari ikipanda mlima, ikibeba watu. Gari ikisimama ikangurumia papo hapo, haipati joto. Dizeli haiungui, inaacha masizi, nyingine inateremka kwenye oili na kuifanya maji. Masizi nayo yanaingia kwenye oili, oili inakuwa kama msasa, na cheni inaoga humo humo.

"Kwa hivyo kama ingeachwa tu," nilisema.

"Ingeachwa tu, mwalimu, ingeharibika mpira, ingekufa betri. Injini ungeikuta. Hii haikufa kwa kulala. Hii imeuliwa na kuamshwa."

Sikujua Shangazi ameteremka saa ngapi. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ndani, sinia ya chai mkononi, mikate ya boflo imefunikwa kitambaa. Aliiweka sinia juu ya gunia, akaja, akanyoosha mkono. Nilimpa kile kipande cha masizi kwa sababu sikujua nikifanyie nini. Alikigeuza, akatazama ubavu wake ambako matabaka yalionekana, membamba, mengi.

"Hizi Ijumaa zangu?" aliuliza.

Fundi Daudi alikuwa mwepesi. "Hapana, Bi mkubwa. Dizeli ya siku hizi mbaya. Inachanganywa."

Shangazi alinigeukia. "Salma. Weye ndiye uliyesoma."

Nimewahi kuulizwa maswali mbele ya maprofesa, na baadaye mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kunifukuza kazi, na hakuna lililonielemea kama hilo ambalo jawabu lake nilikuwa nalo tayari. Nilidhani, na niliendelea kudhani kwa miaka, kwamba ukweli ungemfungua. Nilitaka aone kwamba gari inakufa kwa masizi na si kwa sababu ya habari ya mtu. Kwamba hata ikinyamaza haitakuwa imesema lolote juu ya Bwana Nassor. Nikamwambia ndiyo, ni kuiwasha bila ya kuitembeza, lakini Shangazi, chuma hakijui habari za mtu. Aliitikia "Naam" ya chini kabisa, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Alikitia kile kipande katika pembe ya kanga, akafunga fundo, akatumiminia chai. Hakumwaga hata tone. Mimi ndiye niliyemwaga.

Fundi Daudi alijitahidi. Alimwambia cheni mpya haipo Unguja lakini iko Dar, na kama haipo Dar iko Mombasa. Yeye ana baharia anayemjua, ataiagizia, itakuja. Masizi yatasuguliwa, oili itabadilishwa. "Lakini usiiwashe kabla haijaja. Nakuomba."

"Hata Ijumaa moja?"

"Hata moja. Ikiruka, hakuna fundi atakayeirudisha. Hata mimi, na unanijua."

Bi Mize, aliyekuwa amefuata vikombe, alisema, "Basi ngoja tu, Bi Zuwena. Umengoja makubwa." Na jioni ile nyumba ilikuwa nyepesi kidogo. Nilikwenda na Bi Mize mpaka Forodhani kununua pweza wa kuchoma, tukarudi tukala na boflo lililobaki, na Bi Mize akaigiza namna Fundi Daudi atakavyopanda ngazi za Michenzani na mtungi wa maji kichwani mpaka Shangazi akacheka, mkono mdomoni. Nilihesabu hilo kama ushindi. Niliona kuna njia ya katikati, gari itangoja cheni, na Shangazi atangoja gari, na Ami Khalfan atangoja na yeye, na hakuna mtu atakayelazimika kujua kitu.

Ijumaa ilipofika, Ami Khalfan alikuja. Sijui nani alimwambia. Watu walitoka msikitini, na Shangazi akajifunga buibui akateremka. Sote tulimfuata. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti, ufunguo umo.

"Shangazi," nilisema, "tumekubaliana. Cheni itakuja."

Alikuwa akitazama mbele, ukutani, ambako magunia yalikuwa yameacha alama. "Mtu mmoja namngoja miaka sita," alisema. "Sasa nimngoje na cheni?"

"Zuwena," alisema Ami Khalfan, na nilishangaa kusikia sauti yake inamwomba asifanye. Mtu aliyekuwa akitaka jambo hilo kwa miaka alikuwa ameshika mlango wa gari kama anayetaka kuuzuia usifungwe.

Alivuta kifundo. Alisoma mara tatu, bila haraka, sote tukisikia. Kisha akavuta mpaka mwisho na injini ikashika kwa mara moja, vizuri kuliko wiki nyingi, kwa sababu nozeli zilikuwa safi, na kwa kitambo nilimuona usoni kitu ambacho sina jina lake, si matumaini, labda mazoea ya matumaini. Alianza Yasin. Vijiko vilikuwa vinalia. Hakufika mbali. Tulisikia mkwaruzo, kisha mapigo matatu au manne ya chuma juu ya chuma, mazito, gari nzima ikatikisika kama mnyama aliyepigwa, na kimya. Moshi ulibaki umesimama katikati ya chumba. Shangazi hakukatiza kusoma. Aliimaliza Yasin yote, na safari hii tulimsikia kila neno, maana hapakuwa na sauti ya kumfunika. Alipomaliza alichomoa ufunguo.

"Khalfan," alisema, "kamwite kadhi."

Alikaa eda katika chumba cha ndani, kanga nyeupe, bila udi, bila wanja, bila hina, yeye aliyekuwa hatoki bila ya asumini kichwani. Wanawake walikuja kulia kilio kilichochelewa miaka sita. Wengine walilia kweli, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na kilio chake ambacho haikupata nafasi ya kukilia, na maiti isiyokuwepo ya Bwana Nassor ilitosha watu wengi. Hata yule jirani wa juu aliteremka, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, hana mzaha wowote. Mimi nilikuwa nikimpelekea Shangazi uji na kukaa naye, na mara nyingi nilianza sentensi ya kueleza na sikuimaliza. Nilikuwa nimempa sababu. Sababu ilikuwa sahihi. Naweza kuichora ubaoni hata leo, joto, masizi, oili, cheni. Lakini nilikuwa sijui, na chuo hakikunifundisha, kwamba mtu anaweza kustahimili kuambiwa Mungu kamchukua mumewe na asistahimili kuambiwa mikono yake mwenyewe, kwa mapenzi na utiifu, ndiyo iliyomaliza kitu cha mwisho alichokuwa nacho. Nilidhani nimetenganisha gari na mtu. Kwake nilikuwa nimewaunganisha kabisa.

Alipotoka eda hakuolewa na hakwenda Mombasa. Gari ilivutwa kwa kamba na lori, na Fundi Daudi alikuja siku hiyo amevaa kanzu aliyoazima, kama aliyekuja mazikoni. Jambo moja tulilitambua baadaye sana, mimi na Ami Khalfan, na hatukulipa maana: Shangazi hakukisimulia tena kisa cha ngazi. Mgeni akimuuliza habari za mumewe, alisema "Allah amrehemu" na kuuliza chai iko wapi. Nilidhani ni kwa sababu ameridhika. Swali langu la zamani lilibaki nami hata hivyo, likiniwasha kama kijipu kisichotumbuka. Bwana Nassor aliijua dizeli. Fundi Daudi aliniapia kwamba dereva yeyote wa kweli angesema iendesheni au iacheni. Hakuna anayesema iwashe izime. Niliwaza labda alikuwa na haraka, labda hofu ilimchanganya, labda alitaka tu kumpa mkewe kazi ya kufanya ili asilie. Hili la mwisho lilinipendeza, na nililiamini kwa zaidi ya miaka thelathini.

Baada ya hitma, wageni wakishaondoka, mimi na Bi Mize tulibaki jikoni tukiosha masinia. Mgongo wake umepinda sasa, na bado ana masihara, lakini siku hiyo aliosha tu, mpaka masinia yakakaribia kwisha.

"Weye Salma ulikuwa mwingi wa maswali mwaka ule," alisema. "Mpaka kichwa kikiniuma. Moja hukuuliza."

"Lipi?"

"Siku ile Bwana Nassor alipotoka, sie tulikuwa wapi."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia. Bwana Nassor na Shangazi walikuwa wamegombana, jambo dogo la nyumbani ambalo Bi Mize hakulikumbuka tena, na Shangazi alikuwa amechukia, amemchukua Bi Mize wakaenda kukaa kwa shoga yake Kiembe Samaki. Walikuwa huko wiki nzima, mume na mke hawasemi, na huko ndiko mapinduzi yalikowakuta. Njia zilipofunguka na wao wakarudi Malindi, walikuta mlango uko wazi, ngazini hamna mtu, ndani hamna mtu, chai imeota ukungu katika kikombe, na juu ya meza funguo za gari.